Mstari wa Milamula

Siku hizi msitu ule una bango barabarani na njia zenye namba. Mwaka jana mjukuu wangu alinipeleka huko kwa gari lake. Anajua nilizaliwa upande wa Ijumbi, karibu kabisa na msitu, akadhani nitafurahi kuona unavyotunzwa. Tulikuwa watu wanane hivi, wengi vijana kutoka Bukoba mjini, na binti mmoja mwenye buti za mpira ndiye aliyetutembeza. Aliijua kazi yake. Alituonyesha misizi, miti mirefu ambayo wazee walichonga mitumbwi ya kukanyagia ndizi za pombe. Alituambia tunyamaze, tukasikia hondohondo wakipita juu yetu, mbawa zao zikivuma kama mtu anayepepeta. Alieleza kwamba zamani msitu ulikuwa wa Mukama, mfalme wetu, na hakuna aliyewinda humo bila ruhusa yake, kisha ukawa wa serikali ya wakoloni, na baada ya Uhuru ukawa wa wananchi wote. Yote hayo ni kweli.

Tulipotokea upande wa rweya, ile mbuga ya nyasi isiyolimwa inayozunguka vijiji vyetu, alisimama mbele ya mstari mrefu wa milamula.

"Mnaona ilivyojipanga? Huu ni mpaka waliouweka Wajerumani. Una zaidi ya miaka mia."

Vijana wakapiga picha. Akanigeukia. "Au siyo, babu? Wewe si wa huku?"

"Ndiyo," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mpaka ule niliuweka mimi, nikiwa kijana mwenye umri kama wake, na milamula yake niliikata mahali pengine. Naandika hapa kwa sababu pale sikuweza kusema.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Mlamula ni mmea mwembamba kama fimbo, wenye majani marefu kichwani. Haufi kirahisi. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini wakati wa mvua, kinaota. Kwetu ndio unaotenganisha kibanja cha huyu na kibanja cha yule, na mtu akiukuta anajua amefika kwa mwenzake bila kuambiwa. Unapandwa pia kwenye kaburi, ili watoto wa baadaye wasije wakajenga jiko juu ya babu yao. Lakini makaburi yetu yapo vibanjani, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa. Mhaya hazikwi msituni. Hilo nililijua tangu mtoto, na kwa kulijua nikakosea.

Nilisoma sekondari Bukoba, nikikaa kwa ndugu wa mama yangu Kibeta, nikarudi nyumbani miaka michache baada ya Uhuru. Muleba ilikuwa haijawa wilaya. Azimio lilipotangazwa na kijiji kikaanza kuzungumzia ujamaa, alihitajika mtu wa kuandika mihtasari na kusoma barua za serikali mbele ya watu. Nikawa katibu. Nilikuwa na kalamu mbili mfukoni na nilitembea kama mtu anayechelewa mahali, hata nilipokuwa naenda kuoga mtoni.

Nisiseme nilidanganywa na nyakati. Niliamini, tena kwa sababu. Baba yangu alikuwa mtwana wa nyarubanja. Kibanja alichokilima maisha yake yote, akakipanda kahawa kwa mikono yake, kilikuwa cha bwana mwingine, na bwana huyo angeweza kumwondoa kwa neno moja. Serikali ilipoufuta mfumo huo, baba alikwenda akakaa chini ya migomba yake mchana kutwa bila kufanya kazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kwa hiyo mimi, nikiona mtu anajisogezea ardhi, damu ilinichemka.

Barua ikaja kwamba msitu ni mali ya umma, mipaka yake isafishwe na ionekane, na njia za ndani zinyooshwe ili wananchi wapite na ulinzi uwe rahisi. Bwana misitu alikuja siku moja na baiskeli, akanionyesha kwenye ramani mpaka unapopita, akanikabidhi kazi na kamba ya katani ya kupimia. Nilitangaza msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na panga.

Ilikuwa kazi nzuri, nakumbuka. Asubuhi ukungu ulikuwa haujapanda, miti inadondosha maji ingawa hakuna mvua, na mbega wanatutazama kutoka juu na mikia yao myeupe inaning'inia. Watu waliimba. Siku ya tatu, tukinyoosha njia ya katikati, kama mwendo wa dakika kumi kutoka rweya, tulikuta milamula kumi na mmoja imesimama kwenye mstari kando ya njia.

Panga zikanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma na kamba.

"Mbona mmesimama?"

Mzee mmoja, jirani yetu, aliyekuwa mbele, alifuta jasho. "Katibu, hapa tupite hivihivi. Tuanzie pale mbele."

"Kwa nini?"

"Ni ya watu."

"Watu gani?"

"Wa zamani."

Kijana mmoja aliyependa mzaha akasema, "Katibu anataka majina na namba ya kadi ya chama." Wachache wakacheka. Yule mzee hakucheka, alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mbele.

Niliinama kuangalia. Chini ya milamula palikuwa pamepaliliwa. Tena palikuwa pametandazwa nyasi za rweya, kavu, safi, vile vile mwanamke wa kwetu anavyotandaza kwenye migomba yake. Hakuna mtu wa zamani anayetandaza nyasi. Nikawauliza ni nani anayepalilia. Kila mmoja akawa na kazi ya kufanya. Walinitazama kama mtu aliyetamka neno baya mezani, nami nikachukua ukimya ule kuwa woga. Nikajiambia: kuna mkubwa amepanda mpaka wake ndani ya msitu wa umma, anautunza polepole, na mwaka mmoja ataleta mashahidi kwamba kibanja cha babu yake kilifika hapa. Hila hiyo ilikuwepo. Baba alinisimulia mara nyingi jinsi mlamula ulivyoweza kutembea.

Siku mbili baadaye shangazi alikuja nyumbani kwangu.

Alikuwa dada wa baba yangu, mjane, na nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya rweya na msitu. Aliwahi kuolewa na mtu wa ukoo wa wale mabwana wa nyarubanja, mke wa pili, na mumewe alikufa mapema. Hakuwa na mtoto. Hivyo ndivyo tulivyojua sisi wa umri wangu: shangazi hakuzaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, mwepesi wa kucheka. Aliniletea kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba, akaninyooshea kwa mikono miwili kama ninavyostahili mimi heshima ile, mimi niliyepakatwa naye.

"Nyegera, waitu," akanisalimia kama anavyosalimiwa mkubwa, akicheka kidogo. "Siku hizi nikija kwako sijui nipige magoti au nipige hodi."

"Kaa, shangazi. Mimi ni mwanao."

"Eh. Mwanangu ana kalamu mbili."

Tulitafuna kahawa. Akauliza habari za mama, za kifua changu, za kuku. Halafu akasema bila kunitazama, "Ile njia ya katikati. Iache ilivyo."

"Ipi?"

"Unaijua. Pale penye milamula. Ipitishe pembeni kidogo, msitu ni mkubwa."

"Kwa nini, shangazi?"

"Mimi ndiye ninayepapalilia."

Nilimuuliza mara ya pili kwa nini. Akasema, "Usiniulize, baba." Nikasema lazima nimuulize, mimi ni katibu, watu wataniuliza mimi. Akakunja lile jani kavu mara nne, mara nane, mpaka likawa dogo kama kidole.

"Kuna mambo hayasemwi," akasema. "Nimekuomba kama mwanangu. Ningekuwa naomba kwa katibu ningeleta barua."

Ningeweza kwenda kwa mama yangu jioni ile na kumuuliza. Nyumba yake ilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Ningeweza kumwuliza yule mzee, peke yake, bila panga na bila watu. Sikwenda, kwa sababu nilidhani nimeshaelewa. Mume wa shangazi ni wa ukoo ule. Ukoo umeshindwa kwa sheria, sasa unamtumia mjane. Niliona mpaka huruma kwake, huruma ya mtu anayejiona mwerevu.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikalisema. Sikumtaja jina, lakini kijiji kizima kilijua ni mjane gani anaishi mwisho wa rweya. Nilisema kuna watu bado wanaota nyarubanja. Nilisema kuna mkono unaopalilia ndani ya mali ya umma huku mdomo unasali rozari. Maneno hayo niliyaandika nyumbani kabla na niliyapenda. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Kupe wa mwisho hujificha kwapani!" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Wazee wachache waliinamisha vichwa. Shangazi alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa akiondoa vijiti vya nyasi kwenye kitenge chake, kimoja kimoja. Mama yangu aliyekuwa kando yake akainuka, akamshika mkono, wakaondoka wote wawili kabla ya ajenda ya tatu. Niliandika kwenye muhtasari kwamba hakuna aliyepinga.

Kesho yake nilikwenda na vijana. Mlamula wa kwanza niliukata mwenyewe. Nikaona ni kupoteza kuitupa fimbo nzuri kiasi kile wakati mpaka wa rweya unahitaji alama, basi tukaikata yote vipande vipande, tukaifunga mizigo, tukaichomeka kwenye mpaka mpya kila hatua tano. Mvua ilikuwa inanyesha, ardhi laini. Vishina tuling'oa, mashimo tukafukia, njia tukaisawazisha ikawa nyoofu kama rula. Msizi mmoja mkubwa uliokuwa pale karibu tuliuangusha ukawa daraja la kijito. Nilirudi nyumbani nimelowa na nimeridhika.

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Jua lilikuwa halijazama. Sikupata hata kuvua viatu.

"Leo umekata wangapi?"

"Kumi na mmoja. Yote."

Akaendelea kumenya. Kisu chake hakikusimama alipokuwa anasema, nadhani angesimama asingeweza. Aliniambia kwamba wakati wa Mwingereza, mimi nikiwa sijaacha kunyonya, ndui ilikuja. Walioshikwa walipelekwa msituni, kwenye vibanda vilivyojengwa kwa mstari kando ya njia, na chakula kiliachwa mbali kwenye jani. Waliokufa walizikwa palepale, kila mmoja mbele ya kibanda chake, kwa sababu kuwarudisha kibanjani kungeurudisha ugonjwa. Na hawakuliliwa. Aliyekufa kwa ndui haliliwi na hatajwi, maana kumlilia ni kuuita. Shangazi aliingia kule na watoto wawili, akatoka peke yake.

"Mkubwa alikuwa anajua kuchunga mbuzi," mama akasema. "Mdogo ulikuwa unanyonya naye. Nilipokuwa naumwa, shangazi yako alikuwa na wewe titi hili, na yeye titi lile. Kila mmoja aliyezikwa pale ana watu wake hapa kijijini. Waliogopa kwenda. Yeye amewapalilia wote miaka yote hii. Na mimi sasa nimewataja, Mungu anisamehe, kwa sababu yako."

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema, "Kwa nini hamkuniambia?" Mama akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Si alikuja kwako?"

Asubuhi nilikwenda kwa shangazi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini alikuwa ameshajifunga kitenge na ameshika mundu wake, kama aliyekuwa akinisubiri. Hakunikaribisha ndani.

"Nionyeshe," akasema.

Tulikwenda. Njia ilikuwa safi, pana, imenyooka. Shangazi alitembea polepole akiangalia pembeni, akasimama, akarudi nyuma, akasimama tena. Alikuwa akiutafuta ule msizi, ndio uliokuwa alama yake. Nilipomwambia kwamba sasa ni daraja alitikisa kichwa kama anayesikia habari za nchi ya mbali. Alijaribu kuhesabu hatua kutoka kijitoni. Tulikuwa tumesogeza njia, kwa hiyo hatua hazikusaidia. Nilionyesha mahali nikasema nadhani ni hapa. "Hapa palikuwa na jiwe," akasema. Hapakuwa na jiwe. Nikaonyesha pengine. Tulizunguka hivyo mpaka ukungu ukaisha na ngedere wakaanza kelele zao. Udongo wote ulikuwa sawa, mwekundu, umepigwa na mvua.

Mwishowe akaacha. Akauliza, "Ile mliyokata mmeipeleka wapi?"

Nikampeleka nje, kwenye rweya. Vipande vilikuwa vimesimama kwenye mpaka hadi macho yanapoishia, vingi havina jani hata moja, fimbo tupu. Alivitazama kwa muda.

"Wangu walikuwa wa mwanzo. Wawili wa mwanzo ukitokea huku. Wako wapi?"

Sikujua. Mizigo ilichanganyika, kila mlamula tuliukata vipande vitano, sita, vijana walichomeka huku wakitaniana. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Jibu la kweli lilikuwa neno moja, na nilikuwa nimeshazoea kusema kweli kwa watu kwa sauti kubwa, mikutanoni. Lakini alikuwa ananitazama. Nikatembea hatua kadhaa, nikashika vipande viwili vilivyokuwa jirani.

"Hivi, shangazi."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilivichomeka mwenyewe."

Akaja. Akagusa cha kwanza, akagusa cha pili.

"Mkubwa ni yupi?"

"Wa kulia," nikasema, bila kusita hata kidogo.

Alikaa chini katikati ya vile vijiti viwili, akaweka mundu pembeni, na akalia. Hakuwa amewalilia. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa amepita pale na mundu wake, kimya, kama mtu anayepalilia viazi. Sasa alilia kwa sauti, akawaita majina yao, majina ambayo sikuwahi kuyasikia na ambayo sitayaandika. Wanawake waliokuwa wanakata nyasi ng'ambo ya rweya walisimama. Mmoja akaanza kuja, halafu wengine, na walipofika hawakuuliza. Walikaa wakalia naye, nadhani kila mmoja na wake. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono yangu.

Nilitaka kulisema kwenye mkutano uliofuata. Nilikwenda nimejiandaa. Ilipofika nafasi nilisema tu kwamba suala la njia ya katikati limekwisha, tukaendelea na mbegu za shamba la ujamaa. Watu walijua, lakini hakuna aliyenisikia nikisema kwamba yule mjane hakuwa kupe. Mwaka uliofuata niliomba kupelekwa Ngenge, kusaidia kijiji kipya kilichokuwa kinaanzishwa huko. Nilisema ni kwa moyo wa ujenzi wa taifa. Ngenge kuna joto na vumbi, migomba ilikuwa haistawi vizuri, na hakuna mtu aliyenifahamu.

Niliporudi likizo nilimkuta shangazi mara nyingi kwenye mpaka. Vipande vyote vilikuwa vimeota, lakini viwili tu vilikuwa vimepaliliwa. Aliniita mwanangu kama zamani. Hakuwahi tena kuniletea kahawa ya kutafuna.

Alipougua ugonjwa wa mwisho nilikuja. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, na njia nzima kutoka Ngenge nilijiambia kwamba safari hii nitamwambia kuhusu vile vijiti. Padre alikuwa ameshapita. Shangazi alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha kamba, mdogo sana, na macho yake yalikuwa safi.

"Umepita kule?" akauliza.

"Nimepita."

"Umewaona?"

"Nimewaona, shangazi. Shangazi, nataka..."

"Mkubwa amekua vizuri. Amenipita kimo." Alipumzika. "Mdogo ndiye hakui. Nampalilia sawasawa na mwenzake, lakini hakui, majani yake ni haba. Lakini si ndivyo alivyokuwa? Hata maziwa alikuwa hanyonyi vizuri. Wewe ulikuwa unammalizia. Unakumbuka?"

Mama yangu alikuwa upande wa pili wa kitanda. Hakuinua macho.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Nakumbuka. Alikuwa hivyo."

Sikumkumbuka hata kidogo.